Hita ya kulanti kwa injini inayogoma asubuhi: nani anaihitaji, inafungwaje, inaungulia wapi

dizeli_ya_kijabe

Wakuu, habari za baridi. Naomba tuijadili hita ya kulanti, ile ya stima inayopasha maji ya injini kabla ya kuwasha, mpaka ieleweke, maana mjini kila fundi ana lake. Gari ni Hilux ya injini ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu), dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Linalala Kijabe, kazi iko Nairobi. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni vita: stata inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka, injini inashika kwa kutetemeka, kisha inatulia ikishapata joto. Mchana likisimama hata kwa muda wa saa nne linawaka papo hapo.

Je, hita hii ina maana kwa baridi yetu, au ni ya watu wa Kanada na Norway? Ikifungwa inakaa wapi? Na stima inakula kiasi gani?

SpanaNamba17

Mkuu, hita ya kulanti ilitengenezewa nchi ambako gari hulala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, oili inakuwa nzito kama asali na betri inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Nairobi alfajiri ya Julai hushuka kwenye nyuzi 10 hadi 12. Limuru na Kijabe ni baridi zaidi, na Kinangop kuna asubuhi umande huganda kwenye majani. Hata hivyo, dizeli nzima haitakiwi kugoma kwa baridi hiyo. Ikigoma, kuna kitu kimechoka, na hita itakificha tu.

Tenganisha dalili kwanza. Likigoma asubuhi tu, na moshi ni mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanaingia ila hayapati joto la kuyawasha: ni hita plagi (zile plagi zinazopasha silinda kabla ya kuwasha), au mbano wa silinda umeshuka. Likigoma kila linapokaa muda mrefu, hata mchana wa jua, na huoni moshi wowote stata ikizunguka, dizeli imerudi tangini. Tafuta panapoingia hewa kwenye filta na pampu ya mkono. Stata ikivuta polepole, hiyo ni betri, vichwa vyake, au waya wa ardhi wa injini. Betri iliyochajiwa na kulala husoma volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 10 wakati stata inazunguka, ipeleke ikapimwe.

Wewe uko kundi la kwanza. Ondoa kile kibati kinachounganisha hita plagi zote nne, pima kila moja peke yake, mita ikiwa kati ya ncha ya plagi na bloku. Gusanisha kwanza nyaya za mita zenyewe, uone zinasoma ngapi, utoe hiyo namba. Plagi nzima husoma karibu na sifuri, chini ya omu 2. Iliyokufa haisomi kitu. Ukikuta mbili zimekufa, badilisha zote nne. Kisha rudisha kibati, washa ufunguo bila kupiga stata, upime volti juu yake: lazima ikaribie ile ya betri kwa sekunde kadhaa. Plagi nzima bila volti maana yake rilei au fyuzi kubwa.

Ukienda kununua Kirinyaga Road, soma volti zilizochapwa kwenye shingo ya plagi ya zamani. Toyota za miaka hiyo zilitumia mifumo tofauti, mingine ya plagi za volti 6 zinazopashwa haraka. Ukiifunga ya volti 6 kwenye mfumo unaotoa 12 mfululizo, ncha inavimba, na wakati mwingine inakatikia ndani ya chumba cha moto. Hapo utafungua hedi.

BintiRejeta

Naunga mkono, na naongeza swali ambalo halijaulizwa: themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, ipo?

Hapa Nairobi gari nyingi zimetolewa themostati na fundi aliyesema "hii ni ya Ulaya, huku ni joto". Injini bila themostati haifiki joto lake asubuhi. Inazunguka na maji ya nyuzi 50 au 60 wakati ilitengenezewa 80 na zaidi. Dizeli haiungui vizuri, oili inabaki na unyevu na kufanya tope chini ya kifuniko cha valvu, na hita ya ndani ya gari haitoi joto. Kwenye injini nyingi, sahani ya chini ya themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inakwepa rejeta, na gari linachemka kwenye mlima lile lile lililotolewa themostati ili lisichemke.

Kuipima ni rahisi. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Iliyoandikwa 82 huanza kufunguka kati ya 80 na 84. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usisubiri 100 ndipo useme imefunguka yote, hutazipata. Ukiirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe juu, ndipo hewa inapotokea.

Hayo maji kuchemka mapema ndiyo sababu nyingine ya kuheshimu kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha baa 1.1 kinayasukuma mpaka karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Kilichokufa kinakuacha na 94, na feni nyingi za umeme huanza karibu na hapo.

mlinda_jenereta

Mmesema kweli, lakini msiifute hita kabisa. Ina kazi tatu hapa kwetu. Ya kwanza ni jenereta ya akiba, nitairudia. Ya pili ni dizeli inayolala juu ya mita 2,200, ambako hewa ni nyepesi, mbano wa mwisho ni mdogo, na dizeli inachelewa kushika hata plagi zikiwa nzima. Ya tatu ni gari la safari fupi fupi asubuhi, kama la shule au la kusambaza maziwa: injini haifiki joto kamili kabla ya kuzimwa, na kuchakaa kwingi hutokea katika dakika hizo za mwanzo. Probox ya petroli inayolala mtaa wa South B haihitaji, weka pesa zako.

dizeli_ya_kijabe

Nimepima. Plagi mbili hazisomi kitu. Themostati haipo kabisa, kuna gasketi peke yake. Vyote nitarudisha. Bado nataka kujua ya hita, kwa sababu ya mwinuko wa Kijabe. Kuna ya volti 12 niliyoiona inauzwa bei ndogo, hiyo vipi?

stima_salama

Ya volti 12 achana nayo. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Betri ya ampea-saa 70 utaimaliza ndani ya saa moja na nusu ukiisubiri, halafu stata izungushwe na nini?

Sasa hesabu ya stima, kwa sababu watu hununua wati 1500 bila kufikiri. Chukua chuma kilo 150 na kulanti lita 9. Kupandisha vyote nyuzi 30, yaani kutoka 10 hadi 40, kunahitaji nishati ya karibu uniti 0.85. Hita ya wati 600 isiyopoteza chochote ingechukua kama saa moja na dakika 25. Joto linapotea pembeni, kwa hiyo weka saa mbili. Hiyo ni uniti 1.2 kila asubuhi. Zidisha na bei ya tokeni zako. Ukiiacha usiku kucha hupati injini ya moto zaidi ya maana, kwa sababu baada ya saa mbili tatu joto linaloingia na linalotoka hukaribia kulingana. Tumia taima ya ukutani ya ampea 13, iwashe saa kumi alfajiri kama unatoka saa kumi na mbili.

Hatari kubwa Nairobi ni hita ya volti 120 iliyoletwa kutoka Marekani au Kanada. Zinauzwa mtandaoni na boksi limepotea. Stima yetu ni volti 240. Volti zikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne: hita ya wati 400 inakuwa ya wati 1600, kulanti inachemkia juu ya koili, na koili inapasuka. Pima omu kabla ya kulipa. Kwa volti 240, hita ya wati 400 husoma 144, ya 600 husoma 96, ya 1000 husoma 58, ya 1500 husoma 38. Ukiambiwa ni ya wati 600 na mita inaonyesha 24, hiyo ni ya volti 120. Irudishe.

Waya uwe wa nyuzi tatu, wa mpira, milimita mraba 1.5. Zile zenye pini mbili za duara zisizo na waya wa ardhi usiziguse: gari limesimama juu ya matairi ya mpira, bodi nzima inaweza kuwa na stima na hakuna kitakachokuonya mpaka mtu aliyekanyaga majani yenye umande ashike mlango. Soketi iwe nyuma ya RCD (swichi inayokata stima ikivuja) ya miliampea 30. Fyuzi ndani ya plagi ya pini tatu iwe ya ampea 3 kwa hita isiyozidi wati 700, ya 5 kwa wati 1000. Fyuzi ya 13 iliyokuja na plagi haiulindi waya mwembamba. Na ekstensheni ya kuzungushia kwenye gurudumu ikunjue yote. Ikibaki imekunjwa inajipasha yenyewe.

Gachie_Garaji

Kwa nini asifunge ile ya kukata hosi ya chini ya rejeta? Hakuna kung'oa kitu kwenye bloku. Kata, ingiza, klipu mbili, maji, umemaliza.

BintiRejeta

Kwa sababu inategemea themostati iko wapi, kaka. Ikiwa juu, kwenye maji yanayotoka, hita ya hosi ya chini inaweza kupandisha joto kuelekea pampu na bloku. Lakini injini nyingi za Toyota, ile 1NZ-FE ikiwemo, zina themostati upande wa maji yanayoingia. Hosi ya chini inaishia kwenye themostati iliyofungwa. Joto linabaki kwenye hosi na kurudi rejeta, bloku inabaki baridi, na mpira wa hosi unapikwa. Fuata hosi kwa mkono kabla ya kununua. Ukikuta inaingia kwenye kifuniko cha themostati, aina hiyo si yako.

Zile za kubandika chini ya samp (karai la oili), wati 125 hadi 250, zinasaidia oili, ila hazipashi silinda. Zile za kuingiza mahali pa kijiti cha oili zinaichoma oili iliyozigusa. Na kabla mtu hajasema jiko la makaa chini ya samp: kuna mafuta, nyaya na mipira juu ya moto usio na kizuizi. Hapana.

Kwa 3L ninachagua ya kuingia kwenye bloku, mahali pa koplagi, vile vifuniko vya duara vya chuma vilivyogongwa ubavuni. Tafuta iliyotengenezewa injini hiyo hiyo. Kipenyo peke yake hakitoshi, kwa sababu nyuma ya kila tundu ukuta wa silinda uko umbali tofauti.

SpanaNamba17

Sasa namna ya kuifunga.

Injini iwe baridi kabisa, imelala. Weka beseni safi, fungua bomba la chini la rejeta na bolti ya kumwagia ubavuni mwa bloku. Ukifungua rejeta peke yake, bloku inabaki na lita kadhaa zitakazokumwagikia usoni ukitoa koplagi. Kulanti yenye glaikoli ni sumu na ina utamu. Mbwa na watoto huilamba. Isimwagwe mtaroni.

Kuitoa koplagi, weka panchi kwenye ukingo wake mmoja, si katikati, uigonge mpaka igeuke ubavu, kisha ivute kwa koleo. Ukiigonga katikati inaingia ndani ya bloku, na kuivua ni kazi ya siku nzima. Usitoboe kwa drili ndefu; silinda iko nyuma yake.

Ndani utakuta tope la kutu kama gari limekuwa likinyweshwa maji matupu. Hapa watu huharakisha. Lioshe lote kwa hosi mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu tope likiifunika koili, joto halipati pa kwenda na koili inaungua ikiwa ndani ya maji. Safisha ukuta wa tundu kwa msasa laini, zungusha kidole, usisikie mkwaruzo wala mabaki ya silikoni ya zamani. Mkwaruzo mmoja unatosha kukata pete ya mpira.

Pete hiyo ipake kulanti. Grisi ya kawaida huivimbisha. Ingiza hita kwa upande ulioonyeshwa kwenye karatasi yake, izungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kukaza: ukihisi koili inagusa chuma, sogeza mpaka iwe huru. Ikigusa ukuta wa silinda, inatengeneza doa la moto na kufa mapema. Skrubu ya katikati inavuta kile kipande cha kushikilia kwa ndani, na haihitaji nguvu. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Wanaotumia mkono mzito hukata kipande hicho, na hita inaruka nje njiani pamoja na maji yote.

Kisha kulanti. Ukishaosha kwa maji, kiasi fulani kimebaki ndani ya bloku, kwa hiyo usimimine iliyokwisha kuchanganywa, itazidi kuwa nyepesi. Mfumo wa lita 9 unataka lita 4.5 za kulanti nzito kwanza, halafu jazia maji yaliyosafishwa mpaka ijae. Mwambie muuzaji unataka maji ya kuongezea betri, si asidi. Maji ya kisima usiyatumie, hapo ndipo hita nyingi huharibika: chumvi zake zinaganda juu ya koili, ganda linazuia joto, ala ya koili inapasuka, na siku hiyo RCD inaanza kukata.

Washa injini, hita ya ndani ikiwa kwenye moto wa mwisho, kifuniko kikiwa wazi, mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Funga, zungusha gari, liache lipoe, jazia tena, angalia pete kama inavuja. Baada ya hapo ndipo unachomeka stima kwa mara ya kwanza. Usiijaribu mezani "kuona kama inapata moto". Ikiwa kavu, koili inaungua kwa muda mfupi sana.

stima_salama

Kabla ya kuchomeka, vipimo viwili. Kati ya pini ya ardhi ya plagi na bloku, mita isome chini ya omu 1. Halafu kati ya pini ya stima na bloku, kwa kifaa cha kupima ukinzani cha volti 500, isome zaidi ya megaomu 1. Mita ya kawaida haitoshi kwa hiki cha pili, muombe fundi wa stima. Waya upitie mbali na manifoldi ya moshi, feni, mikanda na shafti ya usukani, ufungwe kwa vibano kila sentimita 20 hivi, na kichwa chake kitokeze kwenye grili chenye kofia. Kiwe mahali dereva anakiona akiingia, asiondoke na ukuta.

mlinda_jenereta

Nilisema nitarudi kwenye jenereta. Hospitali na majengo ya ofisi mjini huhitaji jenereta ibebe mzigo ndani ya sekunde chache. Kiwango cha NFPA 110 cha Marekani, ambacho washauri wengi hukitaja, kinadai sekunde 10 kwa mizigo ya uhai, na maji ya injini yasishuke chini ya nyuzi 32. Injini baridi ikibebeshwa mzigo ghafla inatoa moshi, kasi ya injini inaanguka, na swichi ya kuhamishia mzigo kwenye jenereta inakataa.

Hapa hutumika hita ya tangi inayofungwa nje ya injini, isiyo na pampu. Maji yanatembea kwa joto lake. Ndiyo maana mahali pa kuifunga ni kila kitu. Tangi likae chini ya pale linapovutia maji, na livute sehemu ya chini kabisa ya bloku. Hosi ya kutoka ipande moja kwa moja mpaka juu, karibu na hedi, bila kushuka hata kidogo njiani. Kimwinuko kimoja kinashika hewa, mzunguko unasimama, tangi linachemka lenyewe, themostati yake inakata na kurudi, na mtu anakuambia hita inafanya kazi kwa sababu anaisikia ikiunguruma. Shika bloku kwa mkono: tangi la moto na bloku baridi ni hewa au valvu iliyoziba.

Weka nyuzi 38 hadi 49. Weka rilei inayoizima hita injini ikiwaka. Weka valvu mbili za kufunga ili uibadilishe bila kumwaga kulanti yote, na zima hita kabla ya kuzifunga, la sivyo unachemsha maji yasiyo na pa kutokea.

dizeli_ya_kijabe

Asanteni sana. Plagi nne na themostati ya 82 kwanza, kisha nitaona Juni ikija kama hita bado inahitajika. Mlinda_jenereta, ya jengo letu ina hosi iliyovimba pale kwenye hita. Niibadilishe na ya kawaida ya rejeta?

mlinda_jenereta

Hapana. Ile ya kutoka juu inakaa kwenye maji ya moto saa 24 kila siku, wakati hosi ya gari hupumzika. Nunua ya silikoni, kipenyo kile kile cha ndani, na klipu zake ziwe zenye ukingo laini kwa ndani, kwa sababu zile zenye matundu huichana silikoni. Badilisha na ya chini pia, zina umri mmoja. Zima hita kwenye brekari, subiri ipoe, funga valvu, badilisha, fungua valvu, toa hewa kwenye sehemu ya juu, ndipo urudishe brekari. Saa moja baadaye shika hosi zote mbili: ya juu iwe ya moto, ya chini iwe vuguvugu. Zikiwa na joto sawa, huenda valvu ya njia moja, ile inayozuia maji kurudi nyuma, imekwama wazi.